Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za ada nazimaliza mapema: mweka hazina atawasomea hesabu, na wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka huu umeliwa na kamera ya majaribio ya satelaiti ndogo, na mimi sioni ubaya. Tangu PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda, iachiwe angani tarehe 2 Desemba 2022, kila kijana anayejiunga nasi huuliza lini tutarusha yetu. Ile ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, wahandisi watatu wa Uganda walishiriki kuiunda kule Japani. Kuuliza hivyo ni haki yao. Ila mimi nauliza kwanza kama kamera yetu ikipata joto itaendelea kuona.

Bomba la lenzi tulikerezewa na mafundi wa Katwe. Kazi safi, sina neno. Lakini alumini ni alumini: bomba la milimita 100 likipanda nyuzi 10 za joto hurefuka takribani mikromita 23 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lenzi yetu ni ya f/4, yaani urefu wake wa fokasi ni mara nne ya upana wa tundu lake, na kwa mwanga wa kijani inavumilia kitambuzi, kile kipande kinachopokea picha, kisogee kama mikromita 17 tu kila upande kabla picha haijafifia. Satelaiti ya obiti ya chini huzunguka dunia kwa dakika 90 na ushei, ikiingia kivulini na kutoka juani kila mzunguko. Tulipowasha taa za joto karakanani, mistari ya chati ya kupimia ukali wa picha ilianza kushikana mbele ya macho yetu, ile myembamba kwanza. Sasa kitambuzi kitashikiliwa na vijiti vya Invar, aloi inayorefuka karibu mara 20 pungufu ya alumini. Ni ghali, tena haikerezeki kirahisi. Fundi mmoja alinirudishia kipande akilalamika kwamba kinang'ang'ania kisu.

Joto tumelipima. Ombwe, yaani hali ya kukosa hewa kama huko angani, bado. Lenzi iliyorekebishwa kwenye hewa ya Kampala haitalenga vilevile pasipo hewa, na gundi isiyofaa hutoa mvuke unaoganda juu ya kioo. Hayo hayaonekani mezani.

Kuhusu mawasiliano ya leza, yaani kushusha data kwa mwale wa mwanga badala ya redio, mjadala ulikuwa mkali na nitasema upande wangu. Wanaoitaka wana hoja: mwaka 2023 chombo kidogo cha NASA, TBIRD, kilishusha data kwa gigabiti 200 kwa sekunde, kasi ambayo redio ya satelaiti ndogo haiisogelei. Lakini mwale unaotanuka mikroradiani 15, pembe ndogo mno, ukitoka kilomita 500 juu huacha doa la mita 7 na nusu tu ardhini, wakati chombo chenyewe kinakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Mawimbi ya redio husamehe ukikosea shabaha kidogo, leza haisamehi. Halafu kuna mawingu. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuambiwa mbingu zetu zinakuwaje Aprili na Novemba, na wingu zito huuzima mwale wa leza kabisa.

Kwa hiyo nimependekeza kamati ndogo ianze kuhesabu usiku wenye anga safi Moroto, huko Karamoja, tujue kama kituo cha kupokea leza kitafaa huko. Karamoja ni kavu kuliko kwetu huku, ingawa vumbi lake nalo litataka kifuniko kizuri cha darubini. Kazi hiyo haina gharama kubwa: kamera ya kutazama anga, betri, na mwalimu mwenyeji mwenye subira. Matokeo yake ndiyo yatakayotuambia kama kituo kimoja kitatosha au tutafute cha pili upande mwingine wa nchi.

Semina za wanafunzi zilifanyika kama kawaida.

Kamati tendaji inaomba fedha za mwaka ujao ziende kwanza kwenye chemba ya ombwe, hata kama ni ndogo ya kuingiza lenzi moja, na leza ibaki kwenye upimaji wa mawingu hadi mkutano ujao. Makisio ya bei yako mikononi mwenu. Anayepinga aje na yake.

Mwenyekiti