Barua kwa mpwa wangu anayelikwepa jua

Mpwa wangu mpendwa,

Nimezitazama picha ulizonitumia za Jiwe la Bismarck, ile miamba ya ziwani pale Mwanza, na katika zote jua liko mgongoni mwako, kama anavyoagizwa kila anayeanza kushika kamera. Ni picha safi, ila mawe yamekuwa bapa na ziwa halina uhai. Rudi pale jioni, usimame ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, uelekee magharibi.

Kwanza linda macho. Usilichungulie jua kupitia kitundu cha kamera yenye kioo ndani, hasa ukiwa na lenzi ndefu, kwa sababu lenzi hukusanya miali na inaweza kuunguza jicho bila wewe kuhisi maumivu. Tumia skrini ya nyuma.

Pima mwanga kwenye anga iliyo kando ya jua, ufunge kipimo hicho, ndipo upange picha. Mawe yatatoka meusi, nami napenda yawe hivyo, kwa kuwa umbo la miamba ile linajitosheleza hata nyufa zake zisipoonekana. Wapo wanaopiga picha kadhaa zenye mwanga tofauti na kuziunganisha baadaye. Njia hiyo huyafaa mawe, lakini mtumbwi unaopita hutokea mara mbili.

Ukitaka jua litoe miali kama nyota, bana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikikua, tundu hupungua) na ulifiche jua nusu nyuma ya ukingo wa jiwe. Tundu lenye bapa 6, yaani vibamba vyembamba vinavyolibana, hutoa miali 6, lakini lenye bapa 7 hutoa 14, kwa kuwa idadi ikiwa witiri miali huongezeka maradufu. Usifike f/22, maana mwanga unaopenya tundu dogo mno hutawanyika na picha hupoteza ukali. Vua filta ya kinga na uifute lenzi vizuri, kwani alama moja ya kidole hutosha kutapakaza ukungu mweupe picha nzima.

Fika mapema. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, hivyo jua hushuka karibu wima, na tangu liguse upeo hadi limezwe lote ni kama dakika 2. Tena vilima vya ng'ambo hulificha kabla ya hapo. Kumbuka pia kwamba mwezi wa Juni jua huzama kulia kwa magharibi na Desemba kushoto, tofauti ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo ukija likizo ya Desemba itabidi tutafute mahali pengine pa kusimama.

Mjomba wako