Mnara wa Mount Gambier na wenyeji wake

Mhariri,

Nikiwa mmoja wa Wakongo waliopata makazi Mount Gambier, Australia Kusini, nawaomba waandishi wanaousifu mnara wa kilele cha volkano yetu, uliofunguliwa mwaka 1904 kwa kumbukumbu ya baharia James Grant, aliyeuona mlima huu kutoka baharini mwaka 1800, wawataje pia Waboandik, wenye ardhi hii tangu kale. Wao husimulia habari za jitu Craitbul, ambalo moto wa jiko lake ulizimwa na maji yaliyopanda kutoka chini. Maji hayo yangalipo, katika ziwa linalogeuka buluu iliyokolea kila kiangazi. Sisi tuliokulia chini ya Nyiragongo, volkano ya kwetu Kongo, tunaithamini mno simulizi hiyo. Mkiandika tena, tafadhali waulizeni wazee wao kwanza.

Msomaji wenu,
Mount Gambier