Yakhe, tairi limerudi nyuma au fenda imekuja mbele?

Asalaam alaykum yakhe,

Voisi zako zote tatu nimezisikiliza, na ile picha nimeivuta nikaikuza mpaka ikawa ukungu mtupu. Kweli bwana, upande wa kushoto, baina ya tairi la mbele na fenda, lile bati la juu ya tairi, kwa mbele mkono mzima unapita na kwa nyuma hata kidole hakiingii, kulia salama. Sasa huyo fundi alokwambia ununue shokapu mbili na springi mbili mwambie angoje kwanza, pesa za karafuu hazikuchoshi kiasi hicho? Mie nishapita njia hiyo.

Yangu si unaijua, Toyota Corolla 110 kama yako, nayo ukiitazama ilikuwa hivyo hivyo. Nikaambiwa shokapu nikanunua, nikaambiwa springi nikanunua, gari ikanyanyuka pua juu kama ngalawa iliyokosa mzigo na lile tairi liko pale pale limeinusa fenda. Siku moja ya Ijumaa nimekaa tu nikaona hebu nilitoe lile plastiki la ndani ya fenda mwenyewe, yakhe, mchanga uliomwagika humo ungetosha kuchanganyia saruji ya ngazi moja! Nyuma ya mchanga ndio nikaona mambo: boliti ya chini, ile ya karibu na mlango, haipo, bati limeliwa na kutu limekuwa kama biskuti, na kuna mtu zamani kachomeka kipande cha ndara, ndara wallahi, ya buluu, na alama za vidole vya mguu bado zipo, ili fenda isigongegonge. Ndio hiyo ndara iliyokuwa inaisukuma fenda mbele. Tairi halikuwa na kosa lolote, maskini.

Na dalili zilikuwepo, sema sikuwa na akili ya kuzitazama. Ufa wa fenda na mlango ulikuwa juu mwembamba, chini mpana unaingia kidole. Gari ikienda ukiachia sukani haivuti popote na tairi linakulika sawa upana wote. Gari inayokwenda sawa hivyo matatizo yake mara nyingi ni bati, si miguu.

Yako lakini inanitia wasiwasi, kwa sababu umesema mwenyewe inavuta kushoto, sukani imekaa upande na tairi linaliwa kwa ndani. Hapo mimi nnaona tairi lenyewe limehama. Lakini tusibahatishe, pima.

Iweke pahala sakafu iko sawa, sio hapo kwenu kwenye mteremko, nenda pale msikitini kwenye saruji ukaombe ruhusa. Upepo sawa, sukani imenyooka. Tazama na namba za tairi, maana watu wanatufungia 175/70 R13 huku na 185/70 R13 kule, hapo tu upande mmoja ushapanda milimita 7 na utamtukana springi bure. Halafu chukua tepu, kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, kushoto, kisha kulia. Ya kiwandani kwa 110 ni milimita 2465 lakini usiisumbukie sana hiyo, la muhimu pande mbili zilingane. Tofauti ya 2 au 3 ni mkono wako na tepu, ikifika 10 basi tairi limerudi kweli. Zikilingana, rudi kwenye fenda ukatafute ndara yako.

Kaka yako mwashi akuazime timazi. Lishushe kutoka ukingo wa fenda, upime mpaka kwenye rimu, kushoto na kulia. Kama tairi la kushoto limeingia ndani milimita 6 na la kulia limetoka nje 6 hizo hizo, hapo sio tairi moja lililokosea, krosmemba yote, lile chuma la kukingama chini ya injini linaloshika miguu ya mbele, imesogea, na muulize alokuuzia kama giaboksi au klachi ishawahi kushushwa, maana wakiirudisha krosmemba wanakaza boliti pale ilipoangukia tu.

Jengine, na hili ndio nnalolishuku kwako: mtu aendeshe polepole mwendo wa kutembea, wewe simama pembeni utazame lile tairi, halafu afunge breki. Ukiliona linarudi nyuma kisha linakuja mbele akiachia, ni bushi ya nyuma, ule mpira, ya wishiboni, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi, imekwisha, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Halichezi lakini kipimo bado kibaya? Wishiboni itolewe iwekwe chini ubavuni mwa ile ya kulia, kama imepinda utaiona kwa macho tu. Hapo usikubali kunyooshewa kwa moto na nyundo, chuma hicho ndicho kinachoshika tairi, tafuta nyengine hata ya mtumba. Zikilingana zote mbili ndio unafungua boneti, unapima mshazari kutoka boliti ya juu ya shokapu mpaka kona ya mbele ya upande wa pili, mara mbili kama herufi X, zikikataa kulingana basi gari ilishagonga na ulificha... alificha, namaanisha alokuuzia.

Alaimenti iache mwisho kabisa. Ile inarekebisha tairi linavyotazama, haiwezi kulisogeza likaenda mbele. Na usiingie chini ya gari kwa kutegemea jeki peke yake, weka magogo, unanisikia?

Nitumie namba zote nne, mbili za tepu mbili za timazi, na video ya hiyo breki. Kama ni bushi nitaulizia madukani huku kabla ya Jumamosi nikutilie kwenye boti. Bi mkubwa nisalimie sana, mwambie mkate wa ajemi nimeupata.

Mie wako wa Mwanakwerekwe