Chakula cha nyumbani tusikionee haya ughaibuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Watanzania wenzangu, hasa walioko nje ya nchi na wanaofikiria kufungua migahawa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Bronx, New York, na kazi yangu ni kutunza wazee. Kazini nina mwenzangu, dada wa Kisenegali, ambaye kila siku alinisikia nikilalamika kwamba mji huu una vyakula vya dunia nzima lakini bado nalala na hamu ya wali wa kwetu. Jumamosi moja akanichukua hadi Harlem, mtaa wa 116 Magharibi. Treni namba 2 inakushusha palepale. Wenyewe wanapaita Senegali Ndogo: kuna wasusi, maduka ya vitambaa, msikiti, na vijimgahawa ambavyo usipokuwa na mwenyeji utavipita bila kuvitazama.

Tulichoingia kina meza chache tu, na televisheni ukutani inaonesha mieleka ya Dakar. Menyu ipo, lakini hakuna anayeisoma. Unauliza leo kumepikwa nini, unaambiwa, unakaa. Sufuria ikiisha, imeisha, urudi kesho. Aliyekula kwa mama ntilie wa Kariakoo hahitaji kufundishwa utaratibu huo.

Siku hiyo kulikuwa na ceebu jën, wali wa samaki. Niruhusu nieleze unavyopikwa, kwa sababu nilisimama mlango wa jikoni nikauliza maswali mpaka mpishi akacheka. Vipande vya samaki vinatobolewa na kushindiliwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya viungo vilivyotwangwa pamoja. Samaki anakaangwa, kisha nyanya ya kopo inakaangwa kwenye mafuta mpaka inageuka rangi na kuacha ukali. Ndipo yanaingia maji, na ndani yake karoti, kabichi, muhogo, bilinganya na nyanya chungu, vyote vikiwa vipande vikubwa. Kinaongezwa pia kipande cha guedj, samaki aliyechachushwa na kukaushwa juani. Ukinusa tu unajua anafanya kazi ileile ya ng'onda. Mboga na samaki vikiiva vinaepuliwa, na mchuzi uliobaki ndio unaopikia wali, ambao kwanza umeshapitishwa kwenye mvuke. Juu ya sahani kuna ukwaju na ndimu. Mwisho unakwanguliwa ukoko, na ukoko huo wateja wanaugombea. Mimi nilipata kipande, chekundu, kikavu upande mmoja na chenye mafuta upande wa pili, na sitaona aibu kusema kwamba nilinyonya vidole.

Mchele wenyewe ni chenga. Wafaransa walipoitawala Senegali waliwasukuma wakulima kulima karanga za kuuza Ulaya, wakawaletea chenga za bei rahisi kutoka Indochina, koloni lao jingine kule Asia. Wasenegali wakazipokea chenga hizo wakazipikia chakula ambacho leo ndicho fahari ya taifa lao. Wanamtaja mpishi wa mji wa Saint-Louis, hukohuko Senegali, Penda Mbaye, kuwa ndiye mama wa wali huu, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwetu chenga tunasagia vitumbua, zinazobaki tunawapa kuku.

Saa za mchana zilipopita, wafanyakazi wa mgahawa wakajikusanya nyuma kuzunguka bakuli moja kubwa, wakatuita na sisi. Kila mtu alikula upande wake. Mama mtu mzima aliyekuwa akiongoza alimega samaki na mboga kwa mkono, akasukuma kipande mbele ya kila mmoja, na mbele yangu mimi mgeni akasukuma kikubwa zaidi. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyokuwa akifanya kwenye sinia, Chumbageni.

Siku nyingine nimekula yassa, kuku wa ndimu, haradali na vitunguu vingi, ambayo asili yake ni Casamance, kusini mwa Senegali, na mafé ya nyama kwenye rojo la karanga. Watu wa Kigoma watafurahia soupou kandia, bamia zilizopikwa kwa mawese. Yote ni mapishi ya nyumbani, hakuna lililopunguzwa makali ili kumridhisha mgeni.

Sasa ndugu zangu. Nimekula pia kwenye migahawa ya watu wa kwetu katika miji ya huku. Mara nyingi nakuta chipsi, mabawa ya kuku, baga, na pilau mpaka uagize mapema. Mahali pamoja niliulizia maharage ya nazi, nikajibiwa, "Hicho cha nyumbani, dada, hapa hatuuzi." Jibu hilo liliniuma. Chipsi zinauzwa kila kona ya New York, na anayezikaanga kwa bei ya chini kuliko wewe hakosekani. Pale Harlem nimeona foleni ya madereva wa teksi wa Kiafrika, Wamarekani weusi wa mtaa ule, na Wazungu, wote wanasubiri wali uliopikiwa samaki mkavu mwenye harufu kali, na hakuna aliyeomba apunguziwe.

Kwa hiyo nawaomba mnaofungua migahawa: chagueni hata siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa. Pikeni wali wa nazi, mchuzi wa papa mkavu, mchicha wa karanga, na bada, ugali wa muhogo, kwa sisi watu wa Tanga. Mwandike mlangoni kilichopikwa leo, na kikiisha mfunge. Sisi wa zamu ya usiku tutakuja kabla hatujaingia kazini, na wageni tutakuja nao.

Mzaliwa wa Tanga,
Bronx, New York