Harambee ya bustani ya mtaa: tunachangia maji kwanza

Ndugu wakazi, wenye nyumba na wapangaji,

Miche si shida. Siku ya kupanda watu hujaa, picha hupigwa, na ikifika Septemba vijiti vimekauka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 600 tu. Mti uliopandwa Januari huingia kiangazi mizizi ikiwa bado mifupi. Upepo wa Julai na Agosti huukausha, na ukishasinyaa mchwa huumalizia.

Kwa hiyo harambee hii inaanzia kwenye maji. Eneo letu la wazi litabeba miti 60: migunga, miarobaini na mikwaju michache. (Walioomba miembe watuwie radhi, mawe ya watoto tunayajua.) Kila mti unahitaji lita 20 kwa wiki, zimwagwe mara moja, taratibu. Kikopo cha kila jioni hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi nayo hubaki hukohuko juu. Miti 60 ni lita 1,200 kwa wiki. Kiangazi cha wiki 30 kinakula lita 36,000, yaani uniti 36 za maji, na mti unahitaji kulelewa viangazi viwili, hivyo uniti 72. Maji yakiwa ya mgao, bila tangi la lita 2,000 ratiba hiyo haitekelezeki.

Mashimo yachimbwe Novemba, sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kupanda kusubiri mpaka mvua iloweshe ardhi kina cha mkono. Kiriba, yaani mfuko wa mche, kitolewe chote. Kikiachwa, mizizi huzunguka humohumo na mti hudumaa. Matandazo ya nyasi yasiguse shina, yakiligusa mchwa wamepata njia. Kila mche uzungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi wa hapa hawasomi vibao.

Wengine wanauliza: si tunakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, tunaponunua umeme? Ni kweli, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, lakini fedha hiyo haiingii kwenye mfuko wa mtaa. Hatuoni sababu ya kuichukia kodi. Tunachotaka ni sehemu yake irudi kwenye vivuli vya mitaa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele hupangwa miezi mingi kabla. Bustani isipotajwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa ikaingia kwenye muhtasari, diwani hana cha kupeleka Halmashauri ya Jiji. Njooni mnyooshe mikono, hata kama ni kwa tozo ndogo ya kila mwaka ya kutunza maeneo ya wazi. Harambee itatufikisha kiangazi cha pili. Kulipa mlinzi na kukarabati mabomba mwaka wa tano ni kazi ya bajeti.

Tunaomba Sh 10,000 kwa kila kaya na Sh 30,000 kwa kila duka. Asiye na fedha alete madebe mawili ya samadi au achimbe mashimo mawili. Lipeni ofisi ya mtaa na mdai stakabadhi hapohapo. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi, pamoja na idadi ya miti iliyokufa.