Tatu, bustani hawaiuzi ila soma hii

Shoga yangu Tatu,

Za Dodoma? Huku wazima wote. Mama yako nilimkuta sokoni anabishana na muuza dagaa, mguu umepona kabisa, kasema nikikuandikia nikwambie ile dawa ya kuchua usitume tena inanuka. Ujumbe umefika.

Haya, swali lako, kama ni kweli manispaa inaiuza ile bustani ya mji iliyopakana na kwenu. Bustani hawaiuzi. Wanataka kuizungushia fremu za maduka pande tatu, upande wa barabarani waweke geti na kibao, halafu katikati ndo ibaki ya kupumzikia. Yaani utapumzika unatazama migongo ya maduka. Nimejuaje? Mtaani kila mtu ana habari yake, huyu anasema kapewa tajiri wa mabasi, yule anasema inajengwa hoteli, nikaona isiwe tabu, nikafunika cherehani nikaenda barazani kusikia mwenyewe.

Na usinicheke, watu wengi hawajui kama kikao cha baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia. Unakaa viti vya nyuma, unanyamaza, hakuna anayekuuliza. Siku ya kwanza wanasoma taarifa za kata, kata baada ya kata, pampu ya huku imekufa, zahanati ya kule haina choo, mpaka usingizi unakuchukua. Siku ya pili ndo taarifa za kamati na hapo ndo kuna mambo. Majoho wameyavaa joto lote lile, feni inazunguka kwa kujilazimisha, diwani mmoja kila akisimama kuchangia mkono wa joho unanasa waya wa maiki, maiki inaanguka puu, meya anamwambia mheshimiwa endelea tu tunakusikia, na kweli alikuwa anasikika mpaka stendi.

Wameanza na sheria ndogo ya usafi, hiyo imepita mbio. Wanataka ukitupa taka ovyo upigwe faini ya 50,000 kama Moshi. Hakuna aliyepinga ila mmoja akauliza mapipa yako wapi, maana kutoka soko kuu mpaka shule ya msingi we unajua hakuna hata ndoo, akajibiwa yako kwenye mpango. Ikaja ya mifugo mjini. Hapo kicheko, kwa sababu kila mtu mle ndani anajua mbuzi wanaolala barabarani pale kwa fundi redio ni wa nani, na mwenye mbuzi kavaa joho kakaa mstari wa pili anasoma makabrasha yake kwa makini sana. Wameirudisha kamati ikaangaliwe upya, hahaha.

Sasa hela. Hapa ntakuchosha kidogo ila ndo penyewe, bila hii habari ya bustani huielewi. Sisi tukiona manispaa haifagii tunasema wamekula. Inawezekana, sibishi. Ila angalia hela zenyewe zinapita wapi. Kodi ya majengo zamani walikusanya wao, 2016 ikaanza kwenda TRA, ile mamlaka ya mapato, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku ukinunua umeme, nyumba yenu ile ya kawaida ilikuwa 1,000 kwa mwezi na 2023 ikapanda ikawa 1,500, mwenye ghorofa anakatwa 7,500 kwa kila sakafu. Watu wanadhani ile hela yote inaishia kwa meya, inaenda kwanza serikali kuu. Ushuru wa maegesho wameuchukua TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini. Machinga na mama lishe nao, tangu Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya 20,000 mwishoni mwa 2018, kuwadai ushuru wa kila siku ikawa vita, na mi nafurahi maana nilikuwa naona wanavyomwagiwa masufuria, lakini kwenye daftari la mweka hazina ni mstari uliofutika.

Kilichobaki ni leseni za biashara, ushuru wa soko na stendi, hela ya taka, ushuru wa hoteli na nyumba za wageni, na ule ushuru wa huduma, kaasilimia kadogo ka mauzo, ambao mfanyabiashara wa huku akiusikia anakwambia mwaka huu sijauza kitu. Na kwenye hicho hicho kidogo asilimia 10 lazima itoke kwenda mikopo ya vikundi, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu. Hiyo sitaisema vibaya, si unajua cherehani zetu mbili za kikundi zimetoka humo, na ilipositishwa 2023 mpaka ikarudi 2024 tulikwama kweli kweli. Kwa hiyo manispaa ikipata zaidi na mimi napata. Nakwambia hivyo usije ukadhani mi napinga mapato.

Ndo maana wanapenda fremu. Fremu unajenga mara moja, au unampa mtu ajenge kwa hela yake afu umkate kwenye kodi miaka kadhaa, na kila mwezi kuna kitu kinaingia, haihitaji kumkimbiza mtu na mashine ya posi. Wanaanza na ukuta wa shule, wanakuja uwanja wa mpira, sasa zamu ya bustani. Afisa alisimama na mchoro kautundika ukutani kwa selotepu, kile kipande cha bustani ambacho kwenye ramani ya mji kimepakwa kijani toka sijui enzi gani kakichora visanduku pembeni vyote vina namba. Nikatafuta ule mwembe mkubwa kwenye mchoro. Haupo. Pale walipo wale wazee wa bao pameandikwa namba 17.

Diwani wetu kaunga mkono. Ndio, wetu, yule yule aliyekuja msibani kwenu akala ubwabwa akasema bustani ni mapafu ya mji. Kasema mji lazima uende na wakati, wakagonga meza. Aliyeniacha hoi ni yule mama wa viti maalum, yule mfupi mwenye miwani. Hakupiga kelele. Kauliza swali moja tu: mstahiki meya, zile fremu za ghorofani kwenye soko jipya zimepangishwa ngapi? Kimya. Mkuu wa idara akaanza kupekua makaratasi. Tatu, nilipanda juu kule nilipokuwa natafuta pa kuhamishia cherehani, fremu zimefungwa kufuli zina kutu, popo wamejaa, hakuna mteja anayepanda ngazi kununua nyanya. Akasema mngeanza kuzijaza zile kabla hamjakata miti. Afu akauliza na choo, ile hela ya ukarabati wa choo cha bustani iliyokuwa kwenye bajeti ya mwaka jana imeenda wapi. Meya akasema litajibiwa kwa maandishi.

Nyuma pale nilikaa na mwalimu mstaafu, we utakuwa umesoma kwake, akawa ananinong'oneza mambo ya Nairobi, kwamba 1989 serikali ya Kenya ilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akaandika barua huku na huko mpaka nje, akatukanwa bungeni, jengo halikujengwa. Nikamwambia mwalimu, yule alikuwa na jina, sisi hapa nani atatusikia. Akasema alianza kwa barua tu. Sijui, kwetu sio ghorofa 60, ni fremu za kuuzia chaja za simu, sidhani kama kuna gazeti la nje litakuja.

Mi wazo langu ninalo na ndo sababu ya kukuandikia hivi virefu. Unaikumbuka Forodhani pale Unguja, tulivyokaa ukutani unakula urojo ukamwagikia ile baibui ya kuazima? Ile bustani ilikuwa imechakaa, Aga Khan wakaitengeneza ikafunguliwa tena 2009, wauza vyakula wamepangwa sehemu yao, jioni wanawasha taa wanachoma mishikaki na kukamua miwa, usiku wanaondoa meza, asubuhi bustani ni bustani. Sasa na sisi si tungefanya hivyo kwa saizi yetu? Wale mama lishe wa stendi wapewe upande mmoja jioni, meza za kukunja, maji na taa, walipie kiasi, wapiga picha za harusi walipie, choo kilipiwe. Haitafika hela ya fremu, najua, mi sio mtoto. Ila hela ya fremu yenyewe ni ya kwenye mchoro, na ya soko jipya tumeiona.

Pa kushikia papo na sio mbali. Mwisho wa mjadala wamekubaliana ile habari ya bustani irudi kamati ya mipango miji, na viwango vipya vya ushuru viandikiwe sheria ndogo. Sheria ndogo haianzi kazi baraza likipiga meza tu, lazima watoe tangazo wananchi tulete maoni na pingamizi, baraza lipitishe, waziri wa TAMISEMI, yule wa serikali za mitaa, asaini, itoke kwenye Gazeti la Serikali. Na kubadilisha matumizi ya eneo la wazi nako kuna utaratibu wake wa mipango miji, hiyo we mwenye shule utaisoma vizuri kuliko mimi. Shida ni kwamba hilo tangazo linabandikwa ofisi ya kata, karatasi moja, nyuma ya mlango, juu yake kuna la chanjo ya kuku, siku zinaisha hakuna aliyeliona, afu kwenye muhtasari inaandikwa wananchi hawakuwa na pingamizi.

Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Nyumba yenu inapakana na bustani, jina kwenye hati ni la marehemu baba na mama yako ndo msimamizi, barua ikitoka kwa jirani anayepakana ina uzito kuliko ya fundi cherehani. Iandike we maana Kiswahili cha kiofisi unakijua, weka namba ya kiwanja, uliza ile ya fremu za soko na ile ya choo kama alivyouliza yule mama, afu na lile la meza za jioni liweke kama pendekezo lisionekane tunapinga tu. Mama atasaini, nishamwambia, kasema sawa ila asisomewe yote. La pili, mwulize yule shemeji anayefanya kazi za ardhi kama kuna mahali mtu anaweza kupata nakala ya ile ramani ya zamani yenye kijani, hapa nikiuliza naambiwa niandike barua, nikiandika naambiwa mhusika yuko semina.

Nitumie kwa wasapu nitaenda kuiprinti pale kwa kijana wa stationari, mi kata napita karibu kila siku. Mwalimu na wale wazee wa bao nao wanaandika ya kwao, wamegombana nani aanze kusaini wakaishia kutosaini, ila Ijumaa nitawashika wakitoka msikitini.

Wasalimie watoto. Na ile baibui hujarudisha mpaka leo, mwenyewe bado ananiuliza mimi.

Wako,
Mwajuma