Ngome ile ungeitoa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa sare ile. Barua yako nimeipata pamoja na hatua zote za mchezo, nikapanga ubao usiku uleule na kuufuata kuanzia mwanzo hadi mliposhikana mikono. Umeniuliza kama kutoa ngome pale ingekuwa sahihi, au ingekuwa kucheza pata potea. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika sataranji, na naona watu wengi wanafundishwa upande wake mmoja tu, ule wa kushangaza watazamaji. Mimi kila nikiona ngome inatolewa mbele ya mfalme aliyekwisha kujificha pembeni, huuliza kwanza: amenunua nini? Maana ngome tunaihesabu pointi tano, na mtu hatoi tano bure.

Tuanze na hali yako. Kama kawaida, herufi a hadi h ni safu za kwenda mbele, na namba 1 hadi 8 ni mistari ya kukatiza, tukihesabu toka upande wa kete nyeupe. Wewe una kete nyeupe, na malkia wako yupo h4. Askofu yupo d3, na mshazari wake mpaka h7 uko wazi. Ngome ipo f1, na mbele yake safu ya f ni tupu mpaka kwa farasi wa adui. Mfalme mweusi yupo g8, ubavuni ana ngome yake f8, mbele ana askari watatu ambao hawajasogea: f7, g7 na h7. Malkia wake na maaskofu wake wamezama upande wa pili wa ubao. Anayemlinda kwa kweli ni farasi mmoja, yule wa f6, kwa sababu ndiye anayeshika h7. Farasi huyo akiondoka, malkia wako anaingia h7 akiungwa mkono na askofu, na mfalme hana pa kwenda: f8 imezibwa na ngome yake mwenyewe, f7 na g7 zimezibwa na askari wake mwenyewe.

Kwa hiyo ngome ilipaswa kumla farasi pale f6, papo hapo. Akiila kwa askari wa g, malkia anaingia h7 na ni chekimeti, mfalme ameshikwa na hana pa kukimbilia. Asipoila, akasogeza askari wa g au wa h kujikinga, basi umekula farasi mzima bila kulipa chochote. Hapo hata sijui kama tunaweza kuiita kafara, yaani kutoa kete iliwe kwa makusudi. Wewe ukaileta ngome ya pili e1, hatua nzuri kwa siku nyingine, naye akajibu kwa ngome yake kwenda e8. Tazama hatua ile moja ilivyobadilisha kila kitu! F8 ikawa tupu, mfalme akapata njia ya kutorokea, na wewe ukaanza kugombania safu ya e badala ya kumgombania mfalme. Katika mashambulizi ya namna hii nafasi hudumu kwa zamu moja. Huwezi kuiweka akiba.

Sasa nikupeleke kwenye kafara za kweli, zile ambazo ngome inakwenda na hairudi.

Mfano wa kale ninaoupenda umebeba jina la Pedro Damiano, Mreno aliyechapisha mafunzo yake mjini Roma mwaka 1512. Mfalme mweusi yupo g8, ngome yake f8, askari wake g7, na askari wake wa h ameshaliwa. Askari wako amefika g6, anashika f7 na h7. Ngome yako moja ipo kwenye safu ya h. Ya pili na malkia wako nyuma kwenye mstari wa kwanza, na njia yao ni nyeupe. Ungependa malkia awe kwenye safu ya h, lakini ngome imekaa mbele, na ukianza kuzipanga upya adui anapata muda wa kupumua. Basi unapeleka ngome h8, cheki, yaani mfalme anashambuliwa. Mfalme hana budi kuila. Ngome ya pili inakuja h1, cheki, anarudi g8. Nayo inakwenda h8, cheki, anaila tena. Malkia anakuja h1, cheki, mfalme anarudi g8, malkia anatua h7 na mchezo umekwisha. Ngome mbili nzima, pointi kumi, na ulichonunua ni kumleta malkia kwenye safu ile bila adui kupata zamu hata moja ya kufanya alitakalo. Ukiielewa hiyo umeelewa nusu ya jambo lenyewe: kila ngome iliondoka kwa cheki, na kila cheki ilikuwa na jibu moja tu.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi cheki hakuna. Hapo ndipo ninapomkumbuka Bobby Fischer dhidi ya Pal Benko, New York, katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963/64, yale ambayo Fischer alishinda michezo yake yote 11. Panga ubao uone. Malkia wa Fischer yupo h5, askofu d3, askari e4, ngome f1. Mfalme wa Benko yupo h8, askofu wake g7, askari f7 na h7. Fischer anataka kusogeza askari kutoka e4 hadi e5, mshazari wa askofu ufunguke na h7 ishambuliwe na wawili. Lakini Benko alikuwa na jibu lake mfukoni: askari wa f7 angeruka hadi f5 na kuuziba mshazari, na shambulizi lingeishia hapo. Ukimpa mchezaji wa kawaida hali hiyo atatafuta namna ya kuongeza nguvu upande ule. Fischer, katika hatua ya 19, akaiweka ngome yake f6, mbele kabisa ya mdomo wa askofu mweusi. Haikula chochote, haikutoa cheki. Imekaa tu mbele ya askari wa f7 ili asiweze kusogea.

Benko akiila, askofu wake mwenyewe ndiye anayebaki f6 kumzuia askari wake mwenyewe. Askari wa Fischer anafika e5, na chekimeti ya h7 haizuiliki. Hakuila. Akamrudisha mfalme g8, Fischer akasukuma e5, Benko akasogeza h6. Kisha ikaja hatua ambayo mimi naipenda kuliko hata ile ya ngome: Fischer akamwondoa farasi wake c3, aliyekuwa anatishiwa na askari wa d4, akampeleka e2. Basi. Ngome bado ipo f6 na bado inaweza kuliwa, naye anahamisha farasi taratibu. Benko akajiuzulu. Akila ngome, malkia anakula h6. Farasi wake wa d6 naye ameshashikwa na askari wa e5. Hapo Fischer alinunua mraba mmoja. Mraba mmoja tu, f6, na askari mmoja aliyegandishwa mahali pake.

Nakusihi uukalie mchezo huo kwa muda mrefu. Mtu akishaona kwamba ngome inaweza kutolewa kwa ajili ya kuziba njia, bila kula na bila cheki, anaanza kuziona nafasi ambazo zamani alikuwa anazipita.

Kuna mwingine ambao siwezi kukuandikia barua hii bila kuutaja, Rotlewi dhidi ya Rubinstein, mjini Łódź, Poland ya leo, 1907. Akiba Rubinstein ana kete nyeusi. Mfalme mweupe ameshajificha upande mfupi, ule wa mfalme, na amesogea h1. Kete za Rubinstein zimeelekea kwake zote: malkia h4, farasi g4, askofu wa b6 anaishika g1, askofu wa b7 anatazama mshazari mrefu hadi h1, na ngome zipo c8 na d8 kwenye safu zilizo wazi. Rotlewi ametoka kusukuma askari g3, anamfukuza malkia. Rubinstein hamwondoi malkia. Ngome ya c8 inakula farasi wa c3.

Kwa nini farasi yule? Kwa sababu yeye na malkia wa e2 ndio walinzi wa askofu mweupe aliyesimama e4, na askofu huyo ndiye anayeziba mshazari mrefu. Rotlewi akiila ngome kwa askofu wa b2, Rubinstein anakula e4 kwa cheki. Malkia mweupe analazimika kula, na akishaondoka mstari wa pili h2 haina mlinzi, malkia mweusi anaingia hapo na ni chekimeti. Kwa hiyo Rotlewi akamla malkia. Sasa ngome ya pili ikatua d2, inamwita malkia mweupe aliwe au ale. Akala. Askofu akala e4 kwa cheki, malkia mweupe akarudi g2 kumkinga mfalme, na hapo akawa amefungwa, kwani akitoka kwenye mshazari mfalme anabaki wazi. Ngome iliyobaki ikapita mstari wa tatu kutoka c3 hadi h3, inatishia h2. Rotlewi akajiuzulu. Rubinstein alikuwa ametoa malkia na ngome kwa farasi na askofu, na hakukuwa na dawa.

Ukiutazama ubao wa mwisho, iangalie ngome ya Rotlewi kule a1. Haikusogea mchezo mzima. Nadhani jibu la swali lako limejificha humo kuliko katika mahesabu yote: kabla ya kutoa ngome, usihesabu pointi za ubao mzima, hesabu kete zinazoweza kumfikia mfalme. Kwenye hesabu hiyo Rubinstein alikuwa mbele kwa mbali hata baada ya kutoa malkia. Nawe katika mchezo wako ulikuwa mbele: malkia, askofu na ngome, dhidi ya farasi mmoja na ngome iliyombana mfalme wake yenyewe.

Ila nisikufanye ujasiri upite kiasi. Tarehe 20 Januari 1999, Wijk aan Zee, Uholanzi, Garry Kasparov alimchezea Veselin Topalov kafara ambayo kila mpenda sataranji anaijua. Topalov alikuwa amejificha upande mrefu, ule wa malkia, mfalme wake amefika a7. Katika hatua ya 24 ngome ya Kasparov ikala d4. Topalov akaila kwa askari wa c, na mara ngome ya pili ikatua e7 kwa cheki, nayo haiwezi kuliwa na malkia bila mfalme kufa. Kuanzia hapo mfalme alikokotwa kutoka kona yake, akapita b6, a5, a4, akashuka mpaka mstari wa kwanza wa adui, d1 na kisha e1, ndipo Topalov alipojiuzulu baada ya hatua ya 44. Ni mchezo wa kutetemesha. Lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Topalov hakulazimika kuila ngome ile ya d4. Angempeleka mfalme b6 badala yake, angesimama vizuri.

Hapo ndipo naona wengi wetu tunateleza. Tunahesabu "akila, nafanya hivi, kisha hivi", tunafika chekimeti, mkono unakwenda kwenye kete. Asipokula je? Kwa Benko jibu lilikuwepo: asipokula, askari kwenda e5 na farasi kwenda e2 vinamaliza vilevile. Katika hali yako jibu lilikuwepo pia: asipokula, umepata farasi. Kwa hiyo ukitaka kutoa ngome, tumia muda wako mwingi kwenye kukataliwa kuliko kwenye kukubaliwa. Kukubaliwa kwenyewe huwa ni rahisi kukuona, kwa sababu hatua zake ni za kulazimishwa.

Na ukishaitoa, usitafute kuirudisha. Nimeona michezo mingi mizuri ikiharibika pale: mtu anatoa ngome kwa ujasiri, hatua tatu baadaye anaona farasi wa bure pembeni, anakwenda kumla ili "hesabu ikae sawa", na mfalme wa adui anapata zamu aliyokuwa anaiomba.

Nimekuwekea hali moja chini uifanyie kazi kabla hujaniandikia. Ni ileile yako, isipokuwa ngome nyeusi ya f8 tayari ipo e8, na ngome yako ya pili bado ipo a1. Ukila f6 akala kwa askari wa g, malkia anatoa cheki h7 na mfalme anakwenda f8. Fuata kutoka hapo. Niambie kwanza asipokula ungefanya nini, kisha unaonaje akikimbilia e7, na ni kete gani yako ingelazimika kuwa mahali pengine ili asifike.

Wasalimie wote mnaokaa nao ubaoni.

Rafiki yako daima.